Mkeka wa Mlangoni wa Mama Mbambu

Jioni ile nilipokwenda Bwaise kununua mkeka wa mlangoni, nilikuwa na hasira. Watu wakisimulia habari hii husema eti nilikuwa na wasiwasi. Wasiwasi gani? Nilikuwa na hasira, na sijaimaliza mpaka leo.

Ilikuwa mwaka 1992. Tulikuwa na wiki tatu tu tangu tutoke kwenye chumba cha kupanga tukahamia nyumba yetu ya Makindye, mimi Akech, mume wangu Cleopas, na binti yetu Phelister wa miaka minne. Kila siku nikirudi kutoka Wandegeya, ambako nashona mapazia, napiga deki, nang'arisha ile sakafu nyekundu kwa nta mpaka magoti yanauma. Kisha tarumbeta ya kambi ya jeshi iliyo jirani inalia, jua linazama, nikigeuka tu... nyayo.

Nyayo za matope. Miguu mitupu, mikubwa, ya mwanamume. Zinapanda ngazi ya mlangoni, zinafika kizingitini, basi. Haziingii ndani wala hazirudi nje.

Nilidhani ni mtu anayepita kuomba maji, asiye na adabu. Nikamwambia Cleopas.

"Achana na hayo matope," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti. "Ni mvua."

Mvua yenye vidole vitano? Nikachukua tambara nikapangusa upya, maana ningefungua mdomo tungefika mbali.

Halafu kulikuwa na Phelister. Alianza kukaa mlangoni kila magharibi, akinong'ona na hewa. Chakula hataki. Mikono yake ikawa baridi, baridi isiyotoka hata nikiiloweka kwenye maji ya moto. Zahanati walisema malaria, akanywa dawa, baridi ikabaki pale pale. Usiku nilimlaza katikati yetu, nikisikiliza kama bado anapumua. Nilikuwa na mtoto huyo mmoja tu.

"Unaongea na nani pale?" nilimwuliza.

"Mtu wa matope. Anataka kuingia, lakini anaogopa utagomba."

Nikaona mtoto anacheza, tena anacheza na uchafu. Basi nikasema nitanunua mkeka, na si hii ya kukatwa kwenye tairi. Nitanunua mkeka ambao hata mtu mshenzi akiuona ataona haya kutopangusa miguu. Nerima, mwenzangu wa pale dukani, akanielekeza kwa Mama Mbambu, Mkongo wa Butembo. Mikeka yake ilikuwa inatandikwa kwenye milango ya mahoteli na ya mabalozi, kila mmoja ukimla mwezi mzima wa kazi.

Nilimkuta ndani ya chumba kimoja, ng'ambo ya mtaro, ukivuka kwa ubao. Harufu ya katani mbichi, rangi ya kuchemsha na moshi. Alikuwa anafunga mafundo kwenye fremu, fundo moja moja, huku akiyapunguza kwa mkasi. Akanitandikia miwili.

"Hii ya watu wa nyumba," akasema. Ulikuwa wa katani tupu, pindo limefungwa pande zote nne. "Na hii iko ya mugeni."

Huo wa pili, jamani, ulikuwa mzuri. Katani imesokotwa na nyuzi za mgomba, mweusi na mwekundu, mnene hadi kidole kinazama. Ila upande mmoja haukuwa na pindo. Nyuzi zilikuwa zimeachwa wazi.

"Mbona huu hujaumaliza?"

"Ilisha kuisha. Upande ule unawekwa kwa mulango. Mugeni anapangusa miguu hapa, anapita. Akisha kupangusa, hauwezi kumukatalia tena."

Akauweka mkasi chini. Sauti yake ikashuka.

"Mama... kuko mutu anakuja kwa mulango yako, haumujui?"

Swali hilo lilinikera. Mimi ni mtoto wa Kijaluo. Kwetu mgeni haulizwi jina mlangoni, anakaribishwa, anakula, jina litakuja lenyewe akishashiba. Nikamwambia hivyo, tena kwa kiburi.

"Basi chukua ile ya watu wa nyumba," akanong'ona.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliona ananidharau, fundi wa mapazia, kwamba sina hadhi ya mkeka wa mabalozi. Nikaukunja ule wa mgeni nikautia kwapani. Mama Mbambu hakunisindikiza, hata mpaka mlangoni. Alikaa akitazama fremu yake.

Nilifika nyumbani tarumbeta imeshalia. Nikautandika juu ya ngazi, upande ulio wazi ukielekea kizingiti kama nilivyoambiwa. Ulipendeza. Cleopas akaja kutoka kazini, akauona, akasimama pale chini.

"Ondoa hicho kitu hapo."

"Kwa nini?"

"Nimesema ondoa."

Kisha akaruka. Mume wangu, mtu mzima na tai yake shingoni, aliiruka ngazi nzima akatua ndani. Na mimi nikagundua kwamba kwa wiki zote tatu sikuwahi kumwona akiikanyaga ngazi ile. Damu ikanipanda kichwani.

"Cleopas. Chini ya hii ngazi kuna nini?"

Akaanza kulegeza tai.

"Mtoto wangu amepoa mikono. Kuna nini hapa chini?"

Akaketi. Akazungumza akiangalia viatu vyake. Nyumba aliinunua mwaka 1986, vita vilipokwisha tu, kabla hajanioa, kutoka kwa mtu mwenye bunduki, ambaye nyumba yenyewe haikuwa yake. Alijua. Alipokuja kuikagua, alimkuta mwanamume amelala mlangoni kwenye matope, bila viatu, amekufa. Mfukoni alikuwa na ufunguo. Cleopas aliujaribu mlangoni, ukafungua.

"Alikuwa ametembea kutoka huko alikokimbilia," akasema. "Nadhani alitaka tu kufika kwake."

"Ukafanya nini?"

"Ningeripoti, ndugu zake wangekuja kudai. Nikamzika pale pale. Nikajenga ngazi."

Miaka sita. Kisha akanileta mimi, akamleta mtoto, tukawa tunampanda yule mtu kifuani asubuhi na jioni. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilikuwa nimeinua mkono nimpige nilipoisikia...

Kwaru.

Nje, mlangoni.

Kwaru... kwaru...

Polepole. Mguu mmoja, kisha wa pili. Harufu ya udongo uliolowa ikajaa sebule, na mvua haikuwa imenyesha tangu juzi.

Phelister alikuwa amesimama kizingitini. Sikuwa nimemwona akitoka kitini. Aliinua uso wake, akaangalia juu, pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa.

"Karibu ndani," akasema.

Kwaru ikakoma.

Niliruka nikamnyakua mtoto. Mkeka mpya ulikuwa umejaa matope, mabichi, yanachuruzika kutoka kwenye zile nyuzi zilizo wazi. Nikageuka kutafuta nyayo ndani.

Hakukuwa na hata moja.

Sakafu ilikuwa safi, inang'aa kama nilivyoiacha. Miguu yake ilikuwa imepanguswa. Sasa angeweza kusimama popote mle ndani, nisijue.

Mikono ya Phelister ilikuwa shingoni mwangu, na ilikuwa na joto. Joto la mtoto mzima wa afya. Nikamtazama Cleopas. Alikuwa anasugua viganja vyake, anavipuliza, anavisugua tena.

"Kumekuwa na baridi," akasema.

Sikuchukua hata kanga. Nilitoka kwa mlango wa nyuma na mtoto mgongoni, tukaenda kwa Nerima, Wandegeya. Usiku ule Phelister alikula sahani mbili za matoke akalala fofofo. Mimi nilikesha nikitetemeka kwa hasira. Namtetemekea nani, yule aliyeingia? Yule maskini alikuwa amerudi kwake. Nilimtetemekea yule niliyelala naye miaka mitano.

Siku ya nne Cleopas akaja. Viganja vyote malengelenge. Alikuwa amevaa koti la sufu mchana wa jua kali.

"Nimeivunja ngazi," akasema. "Nimechimba mpaka kiunoni. Hakuna kitu, Akech. Hata mfupa."

"Kwa hiyo yuko wapi?"

"Ndani." Meno yake yaligongana. "Twende nyumbani. Siwezi kukaa naye peke yangu. Hanifanyi kitu. Anaongea tu, kila jioni. Anasema majina."

"Majina gani?"

Akainamisha kichwa.

"Ya watoto wake. Wanne. Jina la mama yao, na kijiji walikobaki wanamsubiri. Anayarudia, anayarudia, kama mtu anayeogopa nitasahau."

Nilichukua kalamu na kipande cha karatasi ya kukatia mapazia. Nikamwekea mbele yake mezani.

"Andika."

Aliishika kalamu. Niliona vidole vyake vyeupe kwa baridi, nikaona wino unagusa karatasi. Nilianza, Mungu anisamehe, kumwonea huruma. Kisha akaiweka chini.

"Wakijua, watakuja kuchukua nyumba yao," akasema.

Nyumba yao. Alisema hivyo mwenyewe, kwa mdomo wake. Halafu akafunga vifungo vya koti, akasimama, akarudi Makindye.

Bado anaishi humo. Majirani wanasema hutoka adhuhuri kuota jua, na tarumbeta ikilia hurudi ndani mwenyewe, bila kuvutwa na mtu. Mimi nimeuliza Makindye nzima, hakuna anayekumbuka familia iliyokaa pale kabla ya vita. Nimepeleka tangazo redioni, lakini tangazo lisilo na jina nani atalijibu? Mahali fulani kuna watoto wanne ambao sasa ni watu wazima, na bado hawajui waweke matanga au waendelee kungoja. Mume wangu anawajua kwa majina.