Nyama ya Upande wa Kushoto

Mtaani kwetu hakuna jicho linaloona kama langu. Juzi tu nilimwamkia paka nikidhani ni wifi yangu. Lakini haya niliyaona, jamani, maana dirisha la fundi cherehani linatazamana na langu, na halina pazia.

Fundi alikuwa mtu wa amani. Kutwa mashine inalia, naye anapiga mluzi. Asubuhi moja mluzi ukakatika katikati. Kiharusi.

Aliporudi kutoka hospitali miguu ilimkubali, ila upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umefutika. Ananyoa shavu moja. Anakula nusu ya sahani, anadhani amemaliza.

Akaja mtaalamu wa tiba kwa vitendo, binti anayewafundisha wagonjwa kula, kuvaa na kufanya kazi upya. Akabandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa meza.

"Baba, usiache kula mpaka uuone wekundu huu."

Kisha akamgeukia mkamwana wa fundi, mke wa mwanawe, anayemtunza. "Dada, mkumbushe kila mlo. Shingo ikizoea kugeuka, atarudi kwenye mashine yake. Akiachwa sasa, tutampoteza fundi."

"Wala usijali, dada yangu."

Mgeni hajafika hata kona, utepe ukabanduliwa ukafungiwa nywele. Na tangu siku hiyo nyama ikawa inapakuliwa kushoto.

"Baba mkwe, umeshiba?"

"Sahani imekwisha, mwanangu, ila tumbo halijapata habari."

"Uzee huo, baba."

Anaondoa sahani, anampa mgongo mzee wa watu, anatafuna.

Haukupita muda, fundi akauweka mkono wa kushoto juu ya birika la moto asiloliona. Mkono wa kushikia kitambaa, ngozi ikabaki kwenye bati. Mkamwana akacheka: "Kwani hayo macho mawili ni pambo?"

Hapo nikampelekea mtaalamu ujumbe.

FUNZO

Nalitoa mapema, maana mzee kama mimi huweza kusinzia kabla ya mwisho. Mgonjwa wa kiharusi anayetembea bado ni mgonjwa. Mazoezi ndiyo dawa yake. Anayemnyima anamwibia mwili, si kitoweo tu. Tuwatazame wanaowatazama wagonjwa wetu.

Sasa mwisho wenyewe. Mtaalamu alipiga hodi wakati wa chakula, sahani imeshatua mezani. Mkamwana akavuta mtandio kufunika nywele.

"Baba anakulaje, dada?"

"Vizuri mno! Nyama tu ndiyo hataki hata kuiona. Tangu augue ameichukia. Nambembeleza mpaka nalia."

Mtaalamu akaishika sahani kwa vidole viwili, akaigeuza, ya kushoto ikaja kulia.

Fundi akainama. Akatazama sana.

"Mwanangu," akamwambia mkamwana, kwa sauti ya mtoto aliyeletewa zawadi, "leo umenipikia nyama?"