Boti Isiyoolewa

Dawa ya presha ya mama yake iliisha siku ya Ijumaa, na kutoka Asembo Bay hadi Uyoma kwa barabara, kupeleka kichupa cha vidonge ni kazi ya kumaliza siku nzima na mgongo wote. Kwa maji ni mwendo wa kunywa chai bila haraka. Kwa hivyo Mwalimu Lornah alifunga madaftari ya Fizikia ya kidato cha tatu, akavaa sweta juu ya blauzi ya kazini, akateremka ufuoni jua likianza kuwa jekundu.

Alikuwa na boti. Watu wa ufuo ule hawakuwahi kulimeza jambo hilo. Mwanamke, hana mume, hana wavu, hana samaki, ana boti! Tena boti nyeupe ya faiba, yenye injini ya kufungwa nyuma, aliyouziwa na mhandisi mmoja wa barabara aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Haikuvua hata omena. Haikubeba abiria. Aliiendesha tu.

"Unaenda wapi nayo?" walimuuliza.

"Popote."

"Kufanya nini?"

"Kurudi."

Mtu ambaye hajawahi kuvuta ile kamba ya injini, ikakohoa, ikanuna, ikakohoa tena, kisha ikaitika, hawezi kuelezwa. Pua ya boti huinuka. Maji hupasuka huku na huku. Upepo huingia kwenye mikono ya blauzi ukatokea shingoni. Na nyuma yako ufuo unazidi kuwa mdogo, pamoja na kila aliye juu yake mwenye jambo la kukuambia: mwalimu mkuu, kamati ya harambee, mashangazi wanaouliza utaolewa lini. Kule katikati ya ghuba hakuna mkutano. Kuna wewe, na mkono wa injini unaokutetemesha hadi begani, na ziwa lote mbele yako kana kwamba limefagiliwa kwa ajili yako.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, magugumaji yakiwa bado mafungu machache yenye maua ya zambarau. Watu waliyachuma kupamba meza. Hakuna aliyejua yatakuja kuwa nini.

Jioni ile, Mzee Zadock alikuwa amesimama karibu na boti. Zadock alikuwa mwenyekiti wa ufuo, mtu mpole wa sauti, na watu walimwogopa kwa sababu ya upole huohuo. Walisema anazungumza na ziwa. Walisema pia kwamba ziwa humjibu.

"Mwalimu, leo usitoke."

"Kuna upepo, Mzee?"

"Upepo hakuna." Aliitazama boti, hakumtazama yeye. "Huyu hakupokelewa."

Lornah alijua anachosema. Ufuoni pale chombo kipya huletwa nyumbani kama bibi harusi. Huombwa, hukubaliwa, hupewa jina la mwanamke wa boma, watu wakala chakula pamoja naye. Kabla ya hapo, ni binti wa watu wengine. Zadock alikuwa amejitolea kumpokea katika boma lake, kwa kuwa Mwalimu hana mume. Maana yake boti ingeitwa kwa jina la mama yake Zadock, na kesho yake ingebeba samaki wa Zadock.

"Nilimpokea," alisema Lornah, akisukuma boti majini. "Nikapewa na risiti."

Beldina, aliyekuwa akikaanga samaki pale kando, alicheka hadi akashika kiuno. Yeye na Lornah walisoma pamoja shule ya msingi.

"Mwanamke haoi, Mwalimu," alisema Zadock.

"Kumbe? Basi liambie ziwa kuna mmoja ameoa."

"Nimeshaliambia." Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyepiga ripoti kwa chifu kuhusu mbuzi aliyepotea. "Nimeliambia kuna binti wa watu wake anazurura huku bila mwenyewe. Watakuja wenyewe kumchukua."

Beldina aliacha kucheka. "Yawa, Zadock! Unatisha watu na mimi nauza samaki hapa!"

Lornah alivuta kamba. Injini ikaitika mara ya kwanza, jambo ambalo si kawaida yake.

Mama yake alizipokea dawa, akamlaumu kwa kukonda, akamfungia samaki wa kukaanga na kipande cha ugali ndani ya gazeti. Jua lilikuwa limetua alipoanza kurudi, lakini magharibi bado palikuwa na mwanga wa rangi ya kutu, na taa za kwanza za Asembo zilikuwa zimeshaonekana. Maji yalikuwa laini. Alifungua mafuta mpaka mwisho, akacheka peke yake kwa sauti. Hapakuwa na wa kumwambia mwanamke mzima hachekagi hivyo.

Katikati ya ghuba, boti ikapunguza mwendo.

Injini ilikuwa ikinguruma vilevile. Alitazama nyuma, huenda ni magugu yamejizungusha kwenye feni ya injini. Hapakuwa na kitu. Alitazama mbele.

Pua ya boti ilikuwa imeinama.

Mwalimu wa Fizikia hushika penye Fizikia. Boti inayoinama mbele ina uzito mbele. Kwa kuinama kule, ni uzito wa mwanamume mzima.

Kisha ikaja harufu... matope ya chini kabisa, yale ambayo hayajawahi kuona jua. Na harufu nyingine ndani yake, ya nyumba iliyofungwa muda mrefu watu wakiwa ndani.

Tone.

Tone.

Tone.

Mtu alikuwa ameketi kwenye ubao wa mbele, amempa mgongo. Koti kubwa jeusi. Kichwa kimeinama kidogo, kama abiria mwenye usingizi. Maji yalimtiririka kutoka kwenye pindo la koti, yakatiririka, hayakukoma. Na sakafu ya boti ilikuwa kavu.

Mkono wa Lornah ulikwenda kwenye swichi.

"Usizime," ikanong'ona sauti. "Ina mlio mzuri."

Hakuzima.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni kaka."

"Kaka wa nani?"

Kiganja kikatoka kwenye mkono wa koti, kikapapasa ubavu wa boti polepole, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

"Wa huyu. Nimekuja kumrudisha nyumbani. Mama anamuulizia."

"Nyumbani wapi?"

Kidole kikaelekezwa chini.

Pua ikazama zaidi. Maji sasa yalikuwa yameufikia ukingo, yakasimama pale, meusi, yakitetemeka, kama yanayosubiri ruhusa. Taa za Asembo zilikuwa palepale. Zilikuwa karibu kiasi cha kuonekana, na mbali kiasi cha kutosikia mtu akipiga kelele.

Woga ulikuwepo, tena mwingi. Lakini hasira ilikuwa mbele yake kwenye foleni. Lornah alimfikiria Zadock amesimama ufuoni na ile sauti yake ya upole, akisubiri. Akaifikiria injini hii chini huko kwenye matope, imenyamaza. Akasikia joto likimpanda masikioni.

"Sikiliza, kaka," alisema. Sauti ilitetemeka, akairudia. "Sikiliza. Mtu akija kudai binti, huanza kwa kusalimia. Wewe umeingia tu ukakaa."

Kiganja kikaacha kupapasa.

"Habari za jioni," ikasema ile sauti, kwa aibu kidogo.

"Njema. Karibu. Sasa nikuambie, umedanganywa. Huyu ameolewa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Mwanamke haoi."

"Hayo ni maneno ya Zadock. Muulize Zadock kama amewahi kumtia mafuta huyu. Nani anamwosha? Mvua ikinyesha usiku, nani anatoka na turubai kumfunika? Akiugua, nani analala chini hapo mchangani anamfungua na spana? Mimi. Kwenu mkiuliza bwana wa nyumba, huuliza nini kingine?"

Kichwa kilichoinama hakikusogea. Maji yaliendelea kusubiri ukingoni.

"Jina lake nani?"

Boti haikuwa na jina. Mhandisi alikuwa ameibandika namba tu. Lornah alifungua kinywa bila kujua kitakachotoka.

"Aoko," alisema. "Jina la nyanya yangu. Alipofiwa, shemeji zake wakaja kumrithi, akawafukuza kwa mwiko wa ugali. Alizeeka ndani ya nyumba yake mwenyewe."

"Aoko wa Uyoma," ikanong'ona ile sauti. "Mwembamba. Mvuta kiko. Namjua."

Lornah hakuuliza anamjulia wapi.

"Jina ni zuri," sauti iliendelea. "Na chakula? Nimetoka mbali."

Alifungua lile gazeti la mama yake. Akamkata samaki vipande viwili, akamega ugali, akaweka fungu moja juu ya bapa la kasia, akalisukuma mbele. Fungu la pili akaliweka kinywani mwake. Halikuwa na ladha yoyote. Alitafuna.

Mkono ukalichukua lile la kwanza. Ngozi yake ilikuwa nyeupe na yenye makunyanzi, kama ya mtu aliyefua nguo miaka na miaka bila kupumzika. Alikula bila kugeuka. Alikula nyama, akala kichwa, akala miiba.

Kra.

Kra.

Kra.

Alipomaliza alishusha pumzi, ile ya mgeni aliyeshiba, na maji ukingoni yakateremka. Boti ikanyanyuka. Lornah alijikuta analia, na hakuwa na habari ameanza saa ngapi.

"Tumekubali," ilisema sauti. "Mtunze. Sasa sisi ni shemeji."

Labda ni ualimu. Labda ni ule ujinga wa mtu aliyeponea chupuchupu. Lornah aliinama pembeni, apate kuuona uso wake.

Kichwa kikaanza kugeuka. Kikasita.

"Usinitazame, shemeji. Bado hatujazoeana."

Akatazama taa za Asembo. Hakubandua macho kwazo mpaka boti ilipokwaruza mchanga.

Ufuo mzima ulikuwa pale. Beldina aliingia majini na viatu vyake, akamshika mabega, akamtikisa. "Mwalimu! We, Mwalimu! Zadock anasema umezama! Ametuambia tuanze kukulilia, mimi nimeshamaliza sauti!"

"Anasema tangu lini?"

"Tangu jua kuzama!"

Zadock alikuwa amesimama nyuma ya watu na taa ya chemni. Hakumtazama Lornah. Alikuwa akitazama pua ya boti, ambapo watu wengine wote waliona ubao mtupu.

"Mzee Zadock," aliita Lornah, kwa sauti ya darasani, wote wasikie. "Uliniitia mgeni. Nimempokea, amekula. Njoo umsalimie."

"Mteremshe, Mwalimu," alinong'ona Zadock.

"Hateremki. Yuko kwa dada yake."

Zadock aliweka taa chini mchangani. Akageuza uso pembeni, akauficha nyuma ya kofia, kama mtu aliyekutana njiani na mama mkwe wake. Akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka giza likamchukua.

Hakurudi ufuoni tena. Kabla mvua hazijaanza alihamia kwa mwanawe kule Mamboleo, mbali na ziwa, akawa anauza makaa kando ya barabara. Waliomtembelea walisema amekonda, na hata beseni la kunawa mikono likiwekwa mezani huomba lifunikwe. Beldina alikwenda kumwona kwa sababu hawezi kukaa na jambo. Alimuuliza waziwazi, yule uliyemwita ni nani hasa? Zadock alifikiri sana. Akamjibu kwamba aliyeitikia siye yule ambaye yeye alimwita.

Alichomwahidi huyo aliyemwita, au kama bado yuko njiani, hakusema.

Lornah alishauriwa na kila mtu. Ichome. Iuze kwa watu wa Homa Bay. Mchungaji alikubali kuiombea, mradi aiombee akiwa nchi kavu. Mama yake alituma habari kwamba dawa anaweza kuzifuata mwenyewe kwa barabara, presha isizidi.

"Ni yangu," aliwajibu wote. Akanunua rangi nyekundu, akaandika AOKO ubavuni kwa herufi kubwa kuliko zilivyohitajika.

Jumapili moja mchana, jua likiwaka, mwalimu mwenzake wa Bayolojia, Bwana Khaemba kutoka Bungoma, aliomba aonjeshwe raha hiyo anayoisikia. Alipanda kwa shida, suruali ameikunja hadi magotini, akaenda moja kwa moja kuketi mbele ili aone vizuri.

"Sogea katikati, Bwana Khaemba," alisema Lornah. "Hapo pana mtu."

Khaemba alicheka sana. Alisogea, akaupapasa ubao aliouacha, akasema nyinyi watu wa ziwa mna vituko. Bado alikuwa akicheka boti ilipoinama mbele, polepole, kwa heshima, kama mtu mzito anayeketi asimwamshe mtoto. Ubao ukabadilika rangi. Ulikuwa umelowa.

Khaemba alishika kingo za boti kwa mikono miwili. Alinusa.

"Mwalimu," alisema chini kwa chini. "Nishuke?"

Lornah alikuwa ameshika kamba ya injini tayari, macho kwenye maji, mbali kidogo na ule ubao.

"Kama unataka, shuka," alisema. "Sisi tunaenda."