Sindano Isiyouma

Kila alipotoka shule, Chiriku alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mbele, ambako mjomba wake alishona nguo za watu. Jina hilo la utani alipewa na mjomba mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa akiokota pini sakafuni kwa sumaku huku akisimulia mambo ya darasani, na cherehani ikinguruma.

Jumatatu moja mjomba alivua kiatu. Chiriku akaona kitu kinang'aa kwenye wayo wake. Ilikuwa sindano ya cherehani, imezama nusu nzima.

"Mjomba, umechomwa na sindano."

Mjomba akaugeuza mguu, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akaichomoa. "Sijui imekaa humu tangu lini," alisema akicheka. Chiriku hakucheka. Nywele zilimsimama.

Alijua mjomba ana kisukari. Alijua pia jambo ambalo mama hakulijua: vidonge vyake vya hospitali viliishia ndani ya kopo la vifungo.

"Siumwi popote," mjomba alimwambia. "Mtu asiyeumwa anameza dawa ya nini? Na usinisemee kwa mama yako. Tumeelewana?"

Chiriku akaitikia kwa kichwa.

Alhamisi mchana aliikuta cherehani ikienda, lakini chini ya sindano hapakuwa na nguo. Sindano ilipanda na kushuka ikishona hewa. Mjomba alikanyaga pedali polepole, uso wake una rangi ya majivu, jasho linadondoka mezani. Pembeni yake, sanamu za kuvalishia nguo, zisizo na vichwa, zilikuwa kama watu waliokuja kumsubiri.

"Mjomba, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Pumzi tu imekuwa fupi." Alitabasamu, na sauti yake ilikuwa tulivu mno. Utulivu ule ndio uliomtia Chiriku hofu. Akakimbia kumwita mama.

Hospitali walisema ni shambulio la moyo. Kisukari cha miaka mingi kilikuwa kimeua hisia za neva, ndiyo maana moyo wenyewe haukumuuma. Kesho yake daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alisimama kando ya kitanda, Chiriku na mama wakiwapo.

"Mshipa ulioziba tumeuzibua, damu imerudi," alisema. "Ila hatari haijaisha. Seli za moyo zilizokosa damu, nyingine hufa hata baada ya damu kurudi, na sukari ikiwa juu, kinga ya seli hizo hupungua. Yako iko juu sana. Fundi, dawa zako ulikuwa unameza?"

"Kila siku, daktari."

"Basi hazikutoshi. Nitaongeza dozi." Akaanza kuandika.

Mjomba akamkazia Chiriku macho bila kupepesa. Kidole chake kikapanda taratibu hadi midomoni. Mashine ya mapigo ya moyo ililia, ikalia, ikaruka pigo moja, ikaendelea.

"Daktari," Chiriku aliuliza, "na kama alikuwa hamezi?"

"Dozi kubwa, kwa mwili usioizoea dawa, ingeweza kuiporomosha sukari ghafla. Moyo huu usingestahimili."

"Basi usimpe. Hakumeza hata kimoja, miezi miwili sasa. Mimi nilijua." Akaangua kilio. Mama akashika ukingo wa kitanda, na mjomba akafumba macho.

Daktari akakata alichoandika. Alianza na dozi ndogo, na wauguzi wakapima sukari kila saa. Siku ya tisa mjomba aliruhusiwa kurudi nyumbani.

"Kosa si la mtoto," alisema akiinuka kwa taabu. "Mimi nilimtwisha mzigo wa mtu mzima."

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," daktari alimjibu. "Dawa humezwa hata kama huumwi." Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe, kutunza siri ni tabia njema. Lakini siri inayomdhuru mtu haitunzwi. Mwambie mtu mzima anayeweza kusaidia, na umwambie mapema."

Chiriku akainamisha kichwa. "Ningesema Jumatatu, moyo wake ungepona wote?"

Daktari hakutaka kumdanganya. "Huenda. Sehemu iliyokufa hairudi tena," alisema. "Lakini ulisema wakati iliyobaki ingali hai."