Saa Nane ya Bi Nyamizi

"Hatua tatu, kisha mfereji. Vuka kwa mguu wa kulia."

Bi Nyamizi akavuka. Jichosimu, ile simu bapa iliyoning'inia kifuani mwake, iliitazama Tabora kwa niaba yake na kumnong'oneza sikioni: mashimo, roboti za kufagia, vibao vya maduka, hata bei ya asali. Fimbo yake nyeupe aliiacha nyuma ya mlango miaka sita iliyopita. Majirani walimtania kwamba siku hizi anaona kuliko wenye macho, naye alicheka kwa sababu ilikuwa kweli.

Leo alikuwa anakwenda Kituo cha Anga kumuaga mwanawe, Maganga, fundi aliyeajiriwa Mirihi. Waendao huko hawarudi. Sauti yake alikuwa nayo, amerekodi tele. Alichotaka ni kumpapasa uso mara ya mwisho, maana sura ya mwanawe aliijua kwa viganja tu.

Jana, kabla wasafiri hawajakabidhi simu zao, Maganga alimtumia ujumbe. Jichosimu ikamsomea: "Mama, nitakusubiri langoni saa nane. Tunaruka saa kumi. Usichelewe."

"Saa nane ya mchana?" aliuliza.

"Ndiyo, saa nane mchana. Nina uhakika."

Basi akafika robo saa kabla. Palikuwa kimya mno. Mlinzi wa lango, binti mwenye sauti ya upole, akamshika mkono.

"Shikamoo mama. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Maganga, anayekwenda Mirihi. Mimi ni mama yake."

"Mama, chombo kimeondoka saa nne asubuhi."

"Hapana, mwanangu, ni saa kumi. Ameniandikia mwenyewe. Hebu soma."

Binti akaisoma simu. "Hapa ameandika 'saa 2:00', mama. Saa mbili. Na kuruka, 'saa 4:00'."

Wiki ile watengenezaji walikuwa wameiboresha jichosimu. Waliifundisha kwamba saa zote za tarakimu ni za Kizungu, izigeuze ziwe za Kiswahili, eti kumrahisishia mtumiaji. Lakini Maganga aliandika saa kama alivyofundishwa na mama yake tangu utotoni. Mashine ikageuza kisichohitaji kugeuzwa, wala haikusema imegeuza. Asiyeona tarakimu angejuaje?

"Alisimama hapo hapo uliposimama," binti alisema. "Wenzake walimwita mara tatu. Akawa anawaambia, 'Ngojeni, mama yangu huwa hachelewi.'"

Bi Nyamizi aliinua mikono, akazipapasa nondo za lango polepole, kutoka juu hadi chini. Zilikuwa na joto la jua. Alitafuta wa kumlaumu, hakumpata, akalia.

Kifuani, jichosimu ikatetema.

"Umefika. Sasa ni saa nane kamili. Hujachelewa."