Mguu wa Kuku wa Milanzi

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma, kilabu cha pombe, Milanzi.

Baltazari alichovya kidole kwenye pombe ya ulezi, akachora barabara juu ya meza.

"Jamaa anatoka mpakani Kasesya na mzigo wa simu. Saa nane yuko kona ya mikaratusi. Silvana, unaziba njia na gari. Evans, unamshusha."

"Mguu wa kuku?" Evans aliuliza. Ndivyo walivyoiita bastola.

"Uleule. Si ndio uliotumia kule Kabwe?"

Evans akatazama sakafu. Baltazari akakohoa, lakini neno lilikwisha kutoka.

Timoth, mdogo wake Silvana, alikuwa mlinzi wa ghala la samaki Kabwe. Alipigwa risasi ya kifua. Mtaa mzima ulisema ni majambazi wa ng'ambo ya ziwa. Evans alibeba jeneza. Evans huyuhuyu, baba wa ubatizo wa Sharon, binti yake Silvana.

Bastola ile haikuwa na mwenyewe. Rafiki alimpa shemeji, shemeji akampa jirani. Walioishika na waliozikwa kwa sababu yake walikuwa wamekula sahani moja.

"Tuko pamoja, dada?" Baltazari alimuuliza Silvana.

"Tuko pamoja."

Silvana ndiye aliyepewa aifiche, maana askari hawana mazoea ya kumpekua mwanamke. Nyumbani alijifungia, akachomoa risasi zote, akazitumbukiza chooni.

Saa nane mchana.

Evans hakuikagua bastola. Ilitoka kwa mama Sharon, aikague ya nini? Gari la simu lilifunga breki. Akaelekeza mtutu dirishani.

"Shuka."

Utingo ndiye aliyeshuka, kwa mlango wa pili, na panga. Evans akavuta. Ta. Akavuta tena. Ta. Akageuka kumtazama Silvana, akaelewa.

"Mama Sharon!"

Panga likashuka. Silvana akakanyaga mafuta.

"Rudi!" Baltazari alifoka pembeni yake.

"Timoth nani alimrudia?"

Gari lilipoingia mjini Baltazari alimgeukia. "Ungeniambia mimi," alisema.

"Wewe ndiye uliyempa bastola."

Msibani, Bertilla, mama yake Evans, alimkumbatia Silvana, akamlilia begani. Silvana alitafuta huruma moyoni mwake, akakuta utamu tu, kama wa mtu aliyeshiba baada ya njaa ndefu.

Yonas, mdogo wake Evans, akaja kuketi karibu naye kwenye mkeka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Baltazari kaniambia."

Silvana akatazama upande wa wanaume. Baltazari alikuwa anamega ugali, hakuinua macho. Koti la Yonas lilining'inia upande mmoja kwa uzito. Amekwisha kupewa bastola nyingine.

"Twende nyuma ya nyumba," Yonas alisema taratibu. "Mama asisikie."

Silvana akamshusha Sharon mgongoni, akamweka mapajani mwa Bertilla, akamfunga vizuri kofia ya sufi, akainuka.