Vidoa Vinne Vyekundu

Haya ninayoyaandika sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe kwa macho haya mawili, na la kushoto ndilo kali zaidi. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti yote yanayofunga vizuri mtaani kwetu yametoka mkononi mwangu. Yanayolalamika ni ya wengine. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliniacha, tusigombane. Lakini kuona, naona. Ukuta wa karakana yangu umepakana na chumba cha mazoezi cha bendi, na katika ukuta huo mna tundu la ukubwa wa ndimu lililoachwa na bomba la zamani. Niliyoyaona niliyaona humo. Yaliyokuwa moyoni mwake aliniambia mwenyewe baadaye, akiwa amekishika kidole chake kama mtu aliyeshika kifaranga.

Tulimwita Mdogo. Ana miaka hamsini na miwili, mvi zimemjaa mpaka kwenye nyusi, lakini ni Mdogo tu, kwa sababu aliwahi kuwapo Mkubwa. Mkubwa alikuwa kaka yake, mpiga gitaa la solo wa bendi, na sasa ana miaka mitatu kaburini. Alipokufa, Mdogo alirithi kiti chake, gitaa lake na amplifaya yake. Kila akimaliza kupiga, kuna mtu atakayemjia na kumshika bega: "Jamani, kama marehemu kabisa!" Mdogo hutabasamu, husema ahsante. Miaka mitatu ya kupokea sifa za mtu mwingine na kuzishukuru. Jaribu wewe. Inachosha kuliko kubeba zege.

Sauti ya marehemu ilikuwa kwenye ile amplifaya. Ina nobu nne, vile vidude vya kuzungusha: ya sauti, ya besi, ya trebo na ya eko. Pembeni ya kila nobu palikuwa na kidoa chekundu cha rangi ya kucha. Ndivyo wanavyofanya wapigaji. Mtu akishaipata sauti anayoitaka huweka alama, kesho asianze upya. Ukizielekeza nobu zote nne kwenye vidoa, Mkubwa huyo hapo, amefufuka: trebo juu, kali kama kijiko kikigonga glasi, na eko tele nyuma yake, kama mtu anayeimba kisimani. Rangi tulijua ni ya mkewe. Tulimtania sana kwamba mume anamwibia vipodozi.

Basi, Ijumaa moja. Kesho yake bendi ilikuwa inakwenda studio kurekodi, mara ya kwanza tangu Mkubwa afariki. Mdogo alikuwa ameshapiga hesabu zake. Vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa kila asubuhi, mpaka avitie maji ya moto ndipo vikunjike. Rekodi nyingine hakuiona mbele yake. Kitakachoingia kesho ndicho kitakachobaki akishaondoka, na kama kitakuwa sauti ya kaka yake, basi yeye atakuwa amepita duniani kama kivuli kinavyopita ukutani. Alitaka mara moja tu asikike yeye.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, transfoma ya mtaa ilikuwa imelipuka. Nimekalia kopo la rangi, sina la kufanya, Mdogo akaingia.

"Fundi, nigawie tina kidogo na kitambaa."

"Una geti la kusafisha?"

"Nina mtu wa kumfuta."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikampa tina, ile ya kuyeyushia rangi, nikamwekea na rangi nyeupe kidogo kwenye kizibo cha soda.

Alivifuta vidoa vyote vinne. Nilimwona. Kitambaa kilitoka na wekundu, uso wa amplifaya ukabaki mtupu. Kisha akakaa kusubiri.

Saa nane kasoro robo umeme ukarudi. Taa ndogo ya amplifaya ikawaka, spika ikaanza kunguruma. Feni ya dari haikuzunguka, lakini feni ile hata siku njema huzunguka ikijisikia. Mimi ningeweza kuinuka nikamalizie geti la mwalimu. Sikuinuka. Jicho lilikuwa limeshafika tunduni.

Mdogo alianza na nobu zote katikati. Akapiga uzi mmoja, akausikiliza mpaka ukafa. Akapunguza trebo, ukali ukaondoka kama mgeni aliyechelewa kuaga. Akaongeza besi, ikavuma kama tumbo la mwenye njaa, akairudisha nusu ya alikoitoa. Eko akaishusha, akaishusha tena, mpaka ikabaki ya kuonja tu. Zungusha kidogo, piga, sikiliza, kunja uso. Karibu saa nzima. Mgongo wake ulikuwa umepinda kama wa mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Halafu ikatoka. Sauti kavu, ya chini, ya mtu anayezungumza akiwa amekaa. Imechoka, lakini haikudanganyi. Mimi si mwanamuziki, ila vinyweleo vya mkono vilinisimama. Ilikuwa ni yeye kabisa. Akaweka vidoa vyake vyeupe, akafunga mlango kwa ufunguo, akaja kwangu kunywa maji.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Kumbe sauti unayo! Ulikuwa umeificha wapi?"

"Nilikuwa nimeikalia," akasema, na akacheka. Nilikuwa sijamwona meno tangu msibani.

Alikaa kwangu kama dakika kumi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na mlango niliuona muda wote.

Aliporudi, nobu zilikuwa zimerudi. Trebo juu, eko juu. Vidoa vyeupe havikuwapo. Vyekundu vilikuwapo, vyote vinne, palepale. Akagusa kimoja kwa kidole.

Kilikuwa kibichi.

Alikuwa bado amesimama hivyo, kidole hewani, shemeji yake alipoingia. Huyu ndiye mjane wa Mkubwa, mshonaji, ana cherehani mtaa wa pili. Alimletea shati la kuvaa studio.

"Shem," Mdogo akamuuliza, "nani mwingine ana ufunguo wa hapa?"

"Hakuna. Kulikoni? Mbona umepauka?"

"Rangi yako ya kucha. Nimeifuta, imerudi."

Mwanamke aliurudisha mlango kwanza. Akanong'ona, na mimi ikabidi nibadilishe jicho niweke sikio.

"Mlinitania miaka yote, nikawaacha mcheke. Mimi sijawahi kupaka rangi ya kucha, shem. Cherehani na kucha wapi na wapi? Amplifaya hiyo kaka yako aliinunua kuukuu, na vidoa vikiwa hapohapo."

"Kwa hiyo ile sauti yake..."

"Haikuwa yake. Alivifuta mara tatu. Alikuwa akirudi nyumbani anakaa kitandani na viatu vyake, ananiambia, mke wangu, leo tena nimempigia mtu."

"Mtu gani?"

"Angemjua, angelala."

Akalitundika shati msumarini. Akashika kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia.

"Wiki yake ya mwisho hospitalini, kucha ya kidole hiki ilikuwa nyekundu. Niliisugua. Haikutoka. Nilidhani jambo hilo limeondoka naye."

Alitoka bila kuaga. Mwanamke yule ni mtu wa kuaga hata paka.

Mtu mwingine angekimbia. Mdogo alikuwa amechoka mno kukimbia. Alivuta kiti, akakaa mbele ya amplifaya, akazirudisha nobu kwenye sauti yake, moja moja, kwa kumbukumbu. Akapakata gitaa. Akapiga huku macho yakiwa kwenye nobu.

Ya trebo ikasogea.

Polepole. Bila papara. Kama inazungushwa na mtu mwenye hakika na kazi yake. Ikafuata ya besi. Ikafuata ya eko. Mikono ya Mdogo ilikuwa kwenye gitaa. Niliihesabu. Miwili.

"Kaka," akanong'ona. "Niachie huu mmoja tu."

Akazibana nyuzi kwa kiganja. Spika haikunyamaza. Iliendelea na wimbo pale alipouachia, kwa sauti ile ya kisimani, na nyuma ya sauti hiyo palikuwa na nyingine. Hafifu. Mbali. Mdogo akainamisha kichwa. Aliitambua. Mkubwa alikuwa na tabia ya kuchelewa kidogo kwenye noti ya mwisho ya kila mstari, na huyu wa nyuma alikuwa anachelewa hivyohivyo. Alikuwa kama mtu aliyefungiwa chumba cha uani, anagonga ili afunguliwe.

Mdogo akachomoa waya wa gitaa. Ikaendelea.

Akashusha nobu ya sauti mpaka mwisho. Ikaendelea.

Akazima swichi. Taa haikuzimika.

"Kaka, mimi nimechoka," akasema. Safari hii hakunong'ona. "Wewe nisamehe, sijui nikufungulie wapi. Na wewe mwingine, kesho sikuchukui."

Akalichukua shati msumarini, akabeba gitaa, akafunga. Alinikuta nimesimama katikati ya karakana nikijifanya natafuta nyundo. Akaniwekea ufunguo kiganjani.

"Fundi, huu mlango uuchomelee."

Nikauchomelea Jumatatu. Hakuna mshono wa chuma niliowahi kuupiga kwa unadhifu kama ule, waulize wote.

Jumamosi nilikwenda naye studio, nikambebea gitaa. Alitumia amplifaya ya hukohuko, safi, haina alama hata moja. Kuitafuta sauti yake kulimchukua robo saa tu. Alipopiga wimbo wa kwanza, mtu wa mitambo aliinua kichwa akauliza, "Huyu ni nani?" Kiongozi wa bendi, mtu anayemjua tangu wakiwa na kaptura, akasema, "Sijui. Namsikia leo." Hakuna aliyemtaja marehemu. Mdogo aligeukia ukutani akajifanya anarekebisha mkanda wa gitaa, muda mrefu kuliko mkanda unavyohitaji.

Rekodi ipo. Ukiisikiliza ni yeye mtupu, mwanzo mpaka mwisho.

Alipoinama kuizima amplifaya ya watu ndipo akaniita kwa jicho. Pembeni ya kila nobu palikuwa na kidoa. Chekundu. Kibichi. Na kwenye mkono wake wa kulia, kidole cha shahada, kucha ilikuwa na wekundu uleule, umeanzia kwenye shina, chini ya ngozi. Ni miezi minne sasa. Anaikata, inaota na wekundu wake. Shemeji yake alikiona kidole siku moja akimpima shati jingine. Alikishika tu, mpaka chai ikapoa.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Jambo moja tu nimelitunga, na kwa kuwa mimi si mwongo, ngoja nilitoe. Nilisema saa nane kasoro robo umeme ulirudi. Nilisema hivyo ili usiiache hadithi mapema. Umeme haukurudi mtaani Ijumaa ile, wala Jumamosi. Transfoma ilitengenezwa Jumatatu asubuhi, na mimi ndiye niliyewashikia mafundi ngazi. Umeme ungekuwapo, mimi mchomeleaji ningekaa alasiri nzima jicho tunduni, geti la mwalimu likinisubiri?

Mdogo aliona taa imewaka, akadhani umerudi. Sijamwambia. Ana kidole chake cha kukiangalia, kinamtosha.