Kaniki Kwenye Myombo

Kila asubuhi, akirudi kisimani, Brigita alipita chini ya mizinga ya baba yake na kutega sikio. Zamani mvumo wa nyuki ulisikika kutoka mti hadi mti. Msimu huu mizinga ilikuwa kimya, na ukimya huo ulimuudhi.

Huko Rondo, enzi za Mwingereza, baba yake, Kornelio, alisifika kwa asali. Mizinga yake aliitengeneza kwa gome la myombo. Alilikata kuuzunguka mti, juu na chini, akalichuna zima, kisha akalishona liwe mviringo. Mti uliochunwa hivyo hufa. Kila nyuki walipopungua, Kornelio alichuna miti mingine ili aongeze mizinga.

"Nyuki wamefungwa kwa uchawi," alisema akinoa shoka. "Ni Maftaha huyo. Tangu ahamie ng'ambo ya kijito, sijaonja asali."

"Mzee Maftaha analima tu, baba. Nyuki watakula nini? Miombo yote umeichuna. Umebaki ule mmoja wa kijitoni."

"Huo nauchuna leo. Na mtoto hamfundishi mzazi kazi."

Husemwa mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Labda, lakini aliyesema hivyo hakumjua Brigita. Alitimua mbio hadi kijitoni, akavua kaniki aliyojitanda mabegani, akaifunga fundo kuzunguka shina, kisha akaukumbatia mti.

Kornelio alipofika, alikuta mti umevaa nguo.

"Ondoka!"

"Siondoki."

"Brigita, nitakuchapa."

"Nichape, baba. Ukimaliza, utanikuta bado nipo hapa."

Mikono yake haikulegea. Aliogopa, tena sana. Ila mti ule ukifa, hapakuwa na mwingine.

Mama yake, Apolonia, aliyewafuata akihema, alishika kiuno. "Ukaidi huo hakuutoa kwangu, mume wangu."

Maftaha alisikia makelele, akavuka maji na jembe lake begani.

"Shikamoo, mzee," Brigita alisema bila kuuachia mti.

"Marahaba, binti. Kuna nini?"

"Baba anasema umewafunga nyuki."

Kornelio aliona haya, akatazama chini. Maftaha aliduwaa.

"Mimi? Wallahi, maboga yangu yanachanua na kudondosha maua bila kuzaa, kwa kukosa nyuki. Nami nilidhani wewe ndiye uliyewafungia mizingani mwako!"

Kornelio aliinua macho. Bonde zima lilikuwa na miti mikavu, na kila mmoja ulikuwa na alama ya shoka lake. Akaliweka shoka chini.

Tangu siku hiyo alichonga mizinga kwa magogo ya miti iliyokwisha kufa, Maftaha akimshikia upande wa pili. Myombo ulipochanua kabla ya mvua, walikuja nyuki wachache, kisha kundi zima.

Asali ya kwanza Kornelio aliipeleka kwa Maftaha, Brigita akiwa pembeni yake.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilikusingizia. Nyuki hawakufungwa na mtu. Mimi niliwajengea nyumba huku nikiwavunjia jiko." Akamgeukia binti yake. "Nawe, mwanangu, nikikosea tena, simama vilevile. Kabla mtu hajamtafuta mchawi, atazame kwanza mkono wake umeshika nini."

"Basi nirudishie kaniki yangu, baba. Bado ipo mtini."

Kornelio alicheka.

"Haiondoki," akasema. "Nitakununulia nyingine."